Kufumua Kabla ya Kukata

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso wake mwenyewe, Kasuku alimpashia mama yake maji ya mikono. Hayakuwa maji ya kunywa wala ya kuoga. Yalikuwa ya beseni dogo la plastiki, moto wake wa kuvumilika, na mama alitumbukiza vidole vyake humo akavisubiri mpaka vikubali kukunjuka. Vidole vikiwa vinalowa, binti alifungua vichupa vya dawa, maana vifuniko vyake vilimshinda mama zamani, akamwekea vidonge kwenye kisahani na kumsogezea glasi. Kisha alimfunga vifungo vya gauni kuanzia chini kwenda juu, na mara nyingi walimaliza bila mmoja wao kusema neno. Walikuwa wameizoea kazi hiyo kama watu wawili wanaokunja shuka, kila mmoja anajua mwenzake atashika wapi.

Kasuku halikuwa jina lake. Kaka yake ndiye aliyempachika jina hilo utotoni, kwa kejeli, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kuulizwa mara tatu ndipo ajibu mara moja, na jibu lenyewe lilikuwa "hakuna shida." Sasa alikuwa mtu mzima, fundi wa kukata vioo vya miwani katika karakana ya mjini, na jibu lilikuwa lilelile.

Asubuhi hiyo alikuwa amefika kifungo cha kifuani alipouvuta mkono wa gauni la mama ili ukae sawa. Kitu kikadondoka. Kiligonga sakafu, kikabingirika mpaka kwenye mguu wa cherehani, kikatulia. Kidonge kidogo cheupe. Kabla hajainama kukiokota kikafuata cha pili, hiki kimelowa mate na kuanza kuvunjika.

Akaugeuza upindo wa ule mkono. Mama yake alikuwa fundi wa nguo miaka yake yote ya nguvu, na hata sasa, vidole vimempinda kama tangawizi, hakushindwa na kazi ndogo kama hiyo: nyuzi chache zilikuwa zimefumuliwa, pakabaki kijitundu cha kupitisha kidonge. Ndani ya upindo vilikuwamo vingine, vimelala mstari mmoja kama mbegu kwenye ganda.

"Mama."

"Nini?"

"Hivi ni nini?"

Mama alilitazama beseni. "Unaniuliza mimi? Mwenye duka la dawa ni wewe."

"Vinatoka kwenye gauni lako."

"Basi liulize gauni."

Kasuku hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, vidonge vikiwa kiganjani, na ghafla mambo ya siku hizi chache yakajipanga yenyewe mbele yake: mama kusukuma sahani bila kula, mama kulalamika kichefuchefu, mama kushika ukuta kila anaponyanyuka, mama kulala mchana kutwa, yeye asiyejua kulala mchana. Kasuku alikuwa amejiambia kwamba ni woga. Keshokutwa mama alikuwa anakwenda kubadilishiwa goti, na nani asingeogopa?

"Umeacha vyote?"

"Vyote."

"Na vile vya njano vya kila wiki?"

"Nimesema vyote, mwanangu. Nilipoambiwa sindano isimame, nikasema na ndugu zake wasimame."

Nesi wa kliniki ya viungo alikuwa ameeleza, tena kwa utulivu, wote wawili wamekaa mbele yake: sindano ile inayowekwa kwenye friji ndiyo isimame kabla ya upasuaji, vidonge viendelee kama kawaida. Kasuku aliyarudia maneno hayo nyumbani. Mama aliitikia kwa kichwa. Sasa alijua kwamba mama akiitikia kwa kichwa bila kubisha, hapo ndipo pa kumtilia shaka.

"Lakini kwa nini, mama?"

Mama alitoa mikono majini na kuishika juu, ikichuruzika. "Kwa sababu sirudishwi tena. Mara ya pili sirudishwi. Nguo ya zamani ukitaka kuibadilisha, unafumua kwanza. Mishono yote. Huwezi kukata juu ya mishono ya mtu mwingine. Nikasema, wakinifungua wanikute kitambaa kitupu, wasione pa kunisingizia."

Mara ya kwanza mambo yaliharibikia mlangoni. Mama alikuwa amekwisha kuvaa joho la wodini, mguu umenyolewa, wenzake wa vitanda vya jirani wamemuaga kwa dua, mpasuaji akapita na kuuliza sindano ya mwisho ya baridi yabisi ilikuwa lini. Mama akajibu kwa fahari, kama mwanafunzi aliyemaliza kazi ya nyumbani, "Juzi!" Mpasuaji akafunga faili. Dawa ile inalaza kinga ya mwili, alisema, na goti jipya likipata wadudu kwenye kinga iliyolala, litakuja kutolewa kama jino bovu. Hakuna aliyekuwa amewaambia mapema. Mama alivua joho, akavaa gauni lake, akapita katikati ya vitanda huku wale waliomwombea dua wakimtazama. Alipofika nyumbani alisema asisikie tena mtu akitaja hospitali, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaja.

Mpaka habari ya tawi ilipokuja. Karakana ya miwani ilikuwa inafungua tawi katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na Bosi alimtaka Kasuku akasimamie meza ya kukatia vioo. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi aamue. Kasuku alimweleza mama jambo hilo huku akimfunga vifungo, kwa sauti ya mtu anayesema vitunguu vimepanda bei, akamalizia, "Lakini siyo lazima."

"Kweli, siyo lazima," mama alisema.

Wakaishia hapo. Ila wiki hiyohiyo mama, yeye aliyekuwa hataki hata kupita karibu na geti la hospitali, alimwambia ampigie nesi simu aulize kama goti lake bado lina nafasi.

Mama aliirudisha mikono kwenye beseni. "Nipe nimeze sasa hivi," alisema, sasa kwa sauti ya chini, ya kubembeleza. "Nipe viwili. Hata vitatu. Mpaka keshokutwa nitakuwa nimekaa sawa. Nani atajua? Wewe hutasema, mimi sitasema."

"Nikipiga simu wataahirisha."

"Ndiyo nakuambia usipige."

Kasuku alimpa kimoja, akasimama mbele yake mpaka akakiona kinashuka kooni. Kisha akachukua vikombe, akaenda navyo jikoni.

Aliviosha vikombe viwili kwa muda wa kuosha ishirini. Si kwamba hakujua la kufanya. Alilijua, na alijua pia kwa nini halifanyi. Keshokutwa. Goti, kisha mazoezi, kisha mama anasimama mwenyewe, anakwenda chooni mwenyewe, kaka anakuja na mkewe kukaa naye kwa muda kama alivyoahidi kwa mdomo wake mpana, na Kasuku anapanda basi. Kila kitu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi huo mmoja. Simu ikatetema juu ya meza. Bosi: *Vipi, tumefikia wapi?* Akajifuta mikono, akaandika: *Hakuna shida.* Akaitazama ile sentensi ikiondoka.

Alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Ulikuwa uchovu uliohamia ndani na vyombo vyake, ukapanga, ukazoea. Kuna asubuhi alizokuwa akipasha maji huku akili yake iko nje, inapiga hatua barabarani bila mtu nyuma yake. Kisha aliona aibu, akaongeza maji ya moto, akauliza, "Yanatosha, mama?"

Akasikia kishindo.

Mama alikuwa amejaribu kwenda chooni. Alifika kwenye cherehani, akaikumbatia, magoti yakamwachia. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea chuma, uso umepauka, jasho linamtiririka kama aliyetoka kwenye mvua. Kidonge alichomeza kilikuwa mbele yake, kwenye matapishi.

"Siyo kitu," mama alisema. "Nimesimama haraka tu. Usianze."

Kasuku alimlaza ubavu, akamwekea mto chini ya kichwa. Mkono wake mwingine ulikuwa tayari umeshika simu.

"Kliniki ya viungo, sema," ilisema sauti ya nesi.

"Ni mimi. Binti wa fundi."

"Fundi wangu wa gauni la zambarau! Ehe, mnaendeleaje, keshokutwa ndiyo yenyewe!"

"Hakuna shida," alisema Kasuku. Kisha akafumba macho. "Hapana. Kuna shida. Mama ameacha vile vidonge vyeupe. Ameacha vyote. Sijui tangu lini, labda wiki. Anatapika. Akisimama anaanguka."

Upande wa pili sauti ilibadilika, kama mtu aliyeweka chini kikombe chake cha chai. "Nisikilize. Usimlete kwangu. Mpeleke mapokezi ya dharura, sasa hivi. Uje na vichupa vyote, usiache hata kimoja. Na mlangoni pale usianze hadithi ndefu, waambie hivi: ametumia prednisoloni, hivyo vyeupe, kwa miaka mingi, ameacha ghafla, na ana upasuaji keshokutwa. Rudia."

Kasuku akarudia.

"Haya, mpenzi wangu, kimbia. Na mimi nampigia daktari wa usingizi."

Mama, pale sakafuni, alikuwa amesikia yote. Aligeuza uso wake upande wa ukuta.

Katika chumba cha dharura walimwekea dripu, wakamchoma kwenye mshipa dawa ya jamii ya vile vidonge, wakampima presha, wakangoja, wakampima tena. Walimtoa damu ya vipimo. Ilikuwa ni kungoja kulekule ambako Kasuku alikufahamu vizuri: kiti kigumu, feni inayolalamika, watu wa kutazamwa bila kuwatazama. Kaka alituma ujumbe wa sauti. "Poleni sana jamani. Sasa mlikosea wapi tena? Haya, mniambie kama kuna chochote." Kasuku aliandika mstari mrefu, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta. Akamtumia neno moja: *Sawa.*

Mchana presha ya mama ilipanda kidogo na rangi ikamrudia. Ndipo alipokuja daktari wa usingizi, mwanamume mrefu mwenye sauti ya taratibu na miwani iliyokaa upande, mkono mmoja wa miwani hiyo umelegea. Kasuku alitamani kumwomba aivue ili amkazie skrubu.

Daktari alivuta kiti. "Mama fundi, nimeambiwa ulitaka tukukute safi."

"Ndiyo," mama alisema, kidevu juu. "Mlinirudisha kwa sababu ya dawa. Nikafumua."

"Hapo nimekuelewa kabisa. Ila nguo inafumuliwa ikiwa mezani, mama. Hii bado umeivaa."

Mama hakutaka kutabasamu, lakini mdomo wake ulimsaliti kidogo.

"Juu ya figo zako kuna tezi," daktari aliendelea. "Mwili ukipata msukosuko, homa kali, ajali, kisu cha mpasuaji, zile tezi humwaga dawa yao ya kukusimamisha. Sasa wewe umekula dawa ya namna hiyo kwa vidonge, miaka na miaka. Tezi zimeona kazi ina mtu, zikalala. Ukiviacha vidonge ghafla, vidonge havipo na tezi hazijaamka. Umebaki huna hiki wala kile. Ningekulaza mezani hivyo keshokutwa, bila kujua, presha ingeporomoka, na pengine nisingeweza kuirudisha."

Feni ililalamika. Kasuku alitazama mikono yake.

"Sindano ya friji ndiyo tuliyoisimamisha," daktari alisema, "kwa ajili ya kidonda. Hiyo itarudi kidonda kikishapona vizuri na nyuzi zimetoka. Vya njano vya kila wiki unaendelea navyo, kwa hali yako havizuii upasuaji. Vyeupe unaendelea navyo kila siku, mpaka asubuhi ya upasuaji yenyewe, kwa funda moja la maji. Tukiona haja ya kuongeza, tutaongeza sisi. Usiache wala usizidishe kwa akili yako. Ukiwa na mashaka, piga simu. Hata ukiona ni swali la kijinga."

"Na keshokutwa?" mama aliuliza.

"Keshokutwa hapana."

"Wiki ijayo?"

"Tuone presha kwanza. Nitazungumza na mpasuaji. Siwezi kukuahidi siku." Alinyanyuka, akamgeukia Kasuku. "Umefanya vizuri kusema. Wengi hawasemi, sisi tunakuja kujua mtu ameshalala mezani."

Alipoondoka, mama alikaa akitazama tone la dripu linavyokusanyika na kuanguka.

"Umefurahi?" aliuliza.

Kasuku alivipanga vichupa vya dawa mapajani.

"Nauliza, umefurahi? Maisha yako yote kazi yako ni kunyamaza. Kaka yako anakusema, unanyamaza. Jirani anaazima sufuria harudishi, unanyamaza. Siku moja tu, moja, mimi mama yako nimekuomba unyamaze, ndiyo siku uliyopata mdomo!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya anakunja blanketi.

"Ungekufa, mama."

"Watu wanakufa."

"Si kwa sababu ya goti."

"Goti, goti." Mama alijaribu kuivuta shuka, vidole vikakataa, Kasuku akamvutia mpaka kifuani. Mama akauacha mkono wa binti yake ukae pale juu ya shuka. Ghadhabu ilikuwa imemwishia njiani. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imechoka kama yao wote wawili. "Mpigie Bosi wako. Mwambie unakwenda hivyohivyo."

"Siendi."

"Kwa nini huendi?"

"Siyo lazima."

"Niondolee hiyo siyo lazima yako!" Mama alifumba macho, akayafumbua. "Unafikiri mimi goti nalitaka la nini? Niende wapi? Ngoma gani nimebakiza mimi ya kucheza? Nilitaka siku unaondoka nije mpaka mlangoni kwa miguu yangu. Nikuone unapanda pikipiki ya kwenda stendi na begi lako, mimi nimesimama. Kwa sababu nakujua. Ukitoka umeniacha nimekaa kwenye kile kiti, utafika kona, utarudi. Utasema umesahau kitu. Utavua viatu. Na miaka itapita hivyohivyo, wewe unanichemshia maji, mimi najifanya sioni."

Neno la siku zote la Kasuku lilimfikia ulimini lenyewe, limezoea njia. Alilimeza. Mgonjwa wa jirani alikuwa ameacha kabisa kukunja blanketi. Wasikie, basi. Alikuwa amechoka hata kuona haya.

"Ninajua ulikuwa unaona," alisema.

"Ninaona. Viungo ndivyo vilivyoharibika, siyo macho."

"Basi usinifanyie tena hivi. Usijiue kidogo kidogo ili mimi nipate njia, halafu useme ni goti." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Utameza vidonge vyako, nami nitaangalia chini ya ulimi kama mtoto. Tutangoja siku watakayotupa. Kama kazi haitaningoja, itapita, nitatafuta nyingine, tena hukohuko mbali. Na jioni hii nampigia Kaka simu. Sitamwambia hakuna shida. Nitamwambia aje, akae, ajifunze kupasha maji na kufunga vifungo, na akikataa nitamuuliza tena mpaka akubali."

Mama alimtazama kama anayemwona mgeni ambaye sura yake anaifahamu.

"Sitaki ruhusa yako, mama, na sitaki unifukuze kwa upole. Nakupenda. Na nimechoka. Nimechoka muda mrefu sana, na kila siku nilikuwa nasema siyo lazima ili wewe uniambie ni lazima." Alivuta pumzi. "Nataka kwenda. Mimi mwenyewe. Nataka kwenda."